Nani Amnyanyue Mgonjwa: Utunzaji wa Watu Wazima Wagonjwa na Wenye Ulemavu Masasi na Newala

Katika wilaya za Masasi na Newala, mtu mzima anayeugua muda mrefu, au mwenye ulemavu unaomzuia kujihudumia, hutunzwa nyumbani, na anayemtunza ni ndugu yake. Serikali ina maofisa na sheria, ina ruzuku na mikopo. Makanisa yana hospitali. Vyama vya watu wenye ulemavu vina viongozi na wanachama. Lakini hakuna utaratibu wa umma unaomlipa mtu aende kila asubuhi kumnyanyua mgonjwa kitandani, kumwogesha, kumbadilisha nguo na kumlisha uji. Kazi hiyo imeachwa kwa ukoo, na ndani ya ukoo imeachwa kwa wanawake. Huduma nyingine zote zinazoelezwa hapa zimejengwa juu ya dhana kwamba ndugu huyo yupo, ana nguvu, ana muda na ana maji.

Masasi imekaa chini, upande wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde, katikati ya vilima vya mawe kama Mtandi na Mkomaindo. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wenyewe. Anayesimama pale Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma likitandaa hadi Msumbiji. Masasi wanaishi Wamakua, Wayao na Wamakonde kwa kuchanganyika; Newala Wamakonde ndio wengi. Kila wilaya ina halmashauri mbili, moja ya mji na moja ya wilaya, kwa hiyo huduma za ustawi zinaendeshwa na halmashauri nne, kila moja na bajeti yake. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia mkoa wote wa Mtwara watu 1,634,947. Kwa nchi nzima sensa hiyo ilikuta kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Ile ya 2012 ilikuwa imepata asilimia 9.3. Sehemu kubwa ya ulemavu huo haikuzaliwa na mtu. Umemfikia ukubwani: mtoto wa jicho, kiharusi, kisukari kilichokula mguu, mgongo ulioumia shambani au kwenye bodaboda, matende, kifafa ambacho hakikutibiwa kikamwangusha mtu motoni.

Makabila ya eneo hili huhesabu ukoo upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mume ndiye aliyehamia kwao mke. Utaratibu huo umelegea, lakini alama zake bado zinaonekana pale ugonjwa unapoingia nyumbani. Mama mzee mara nyingi ana binti anayeishi hatua chache kutoka kwake, na binti huyo ndiye humuuguza. Mwanamume aliyeachika, au aliyeugua sana akiwa ugenini, hurudi kwa mama yake, na kama mama hayupo, kwa dada zake. Mjomba huketi kwenye kikao cha ukoo na kusema mgonjwa apelekwe wapi, hospitali gani au kwa mganga yupi, na nani achange kiasi gani. Uamuzi huwa wa mjomba. Ndoo huwa za dada. Mgawanyo huo hauandikwi popote katika taarifa za halmashauri, ingawa ndio mfumo mkubwa kuliko yote wa huduma ya jamii katika wilaya hizi mbili.

Mfumo huo unabanwa zaidi na mambo mawili, korosho na maji. Uvunaji wa korosho huanza karibu na mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka au zaidi kidogo. Kabla ya hapo kuna palizi, na kuna kupuliza salfa, kazi inayochoma macho na kifua. Korosho huanguka zenyewe zikiiva, na zisipookotwa mapema huharibika, huliwa na mifugo au huibiwa. Mashamba mengi yako mbali na nyumba, na sababu mojawapo ni operesheni ya vijiji vya ujamaa, iliyofanyika mapema mkoani Mtwara kuliko mikoa mingi: watu walikusanywa kandokando ya barabara, mikorosho ikabaki ilikokuwa. Kwa hiyo msimu ukifika, mwenye mgonjwa wa kitandani huchagua kati ya mambo mawili mabaya. Akibaki nyumbani, anapoteza fedha ya mwaka mzima. Akienda, mgonjwa anashinda peke yake, au anaachiwa mtoto aliyepaswa kuwa shuleni. Wengine huajiri vibarua wa kuokota na kugawana nao mavuno. Hiyo ni gharama ya kuuguza, ila haiitwi hivyo.

Maji ni habari ndefu zaidi, nayo inastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa wapangaji wa huduma za ustawi huiona kama kazi ya wizara nyingine. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga. Mvua inanyesha vya kutosha, kisha inazama chini kabisa. Mito haipo juu huko, na visima vifupi ni vichache. Kwa miaka mingi wanawake wa Newala waliteremka makorongo hadi kwenye chemchemi za bondeni, wakapanda tena na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, kusukuma maji kwa pampu kutoka bondeni hadi juu ya uwanda. Kuanzia miaka ya 1970 Finland ilifadhili kwa muda mrefu kazi za maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Siku za karibuni Makonde imeingizwa katika mpango wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India. Kupandisha maji mlima wa namna ile kunahitaji umeme mwingi. Pampu ikisimama, mabomba hukauka. Ndiyo maana nyumba nyingi za uwanda zina shimo la saruji la kuvunia mvua kutoka kwenye bati, na mwenye paa la nyasi hana hata hilo. Masasi imepata nafuu kubwa zaidi: chemchemi za Mbwinji zinaulisha mji huo pamoja na Nachingwea, chini ya mamlaka ya MANAWASA.

Maji yanahusianaje na mgonjwa? Mtu mzima aliyepooza na asiyeweza kuzuia haja hutaka kuogeshwa zaidi ya mara moja kwa siku, na mashuka yake hufuliwa kila siku. Asipoogeshwa na kugeuzwa, ngozi ya makalio na visigino huoza, na kidonda cha kulala kikishafika mfupani, zahanati ya kijiji haina la kufanya. Mwenye matende hufundishwa jambo jepesi sana kulisikia: aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, aukaushe vizuri hasa katikati ya vidole, auinue anapokaa, auchezeshe, avae viatu vinavyomtosha. Akifanya hivyo, homa zile za ghafla zinazouvimbisha mguu hupungua. Trakoma, ugonjwa wa macho uliokuwa umekita mizizi Masasi na Newala, nao kinga yake inaanzia kwenye kunawa uso. Utunzaji wote huo unategemea dumu la lita ishirini. Nyumba inayonunua maji kwa dumu hulazimika kupima: ya kupikia ni mangapi, ya kunywa mangapi, ya mgonjwa mangapi. Bajeti ya maji na bajeti ya ustawi zingesomwa pamoja katika baraza la madiwani, mambo mengi yangeeleweka upesi.

Huduma za kitaasisi zililetwa kwanza na wamisionari. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kutoka Zanzibar kundi la watu waliokombolewa utumwani, na kituo kikaanzishwa Masasi. Baada ya muda shule na dawa vilifuata kanisa. Mwaka 1935 alifika daktari wa upasuaji, Mwingereza Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi, katika hospitali ambayo mwanzoni haikuwa na mengi zaidi ya miti, nyasi na bidii. Baadaye aliingia katika siasa za Tanganyika, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, katika miaka ile ambayo zahanati zilikuwa zikijengwa vijijini kwa wingi. Upande wa Wakatoliki, Wabenediktini walifungua kituo Ndanda mwaka 1906. Mwaka 1926 alifika hapo mtawa aliyekuwa daktari, Sista Thekla Stinnesbeck, na chini ya watu wa namna yake Ndanda ikakua hadi kuwa hospitali inayopokea wagonjwa kutoka Masasi, Newala, Nachingwea na mbali zaidi.

Ukoma ndio uliolazimisha misheni kufikiria utunzaji wa mtu mzima kwa miaka na miaka, na siyo tiba ya wiki mbili. Kabla ya dawa ya dapsoni kuenea katika miaka ya 1950, mgonjwa wa ukoma alitengwa na jamii yake. Makazi ya Mwena, jirani na Ndanda, yaliwapa watu hao nyumba, shamba, kanisa na dawa. Wenye vidole waliwalimia wasio navyo. Wenye macho waliwaongoza waliopofuka. Dawa za mseto za miaka ya 1980 zilibadili mambo: mgonjwa akapona akiwa nyumbani kwake, na mwaka 2006 Tanzania ikafikia kiwango ambacho kimataifa huhesabiwa kwamba ukoma si tatizo tena la afya ya umma. Ila kupona vijidudu hakurudishi vidole. Mtu aliyepoteza hisia miguuni huendelea kukanyaga misumari na kaa la moto bila kujua, na anahitaji viatu maalumu vyenye sponji laini na soli ngumu kwa maisha yake yote. Takwimu za ukoma zimeshuka. Mahitaji ya utunzaji ya waliopona yamebaki, ila hayana tena mradi wenye jina lake.

Serikali nayo ilichukua jukumu hilo hatua kwa hatua. Mwaka 1981 ulikuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Hii ya pili iligawa wajibu wa kumtunza mtu mwenye ulemavu kati ya familia, serikali za mitaa, serikali kuu na mashirika ya hiari, familia ikiwa mstari wa mbele. Ilikuja Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ikafuata ile ya watu wenye ulemavu ya 2004. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Inazipa serikali za mitaa jukumu la kulinda haki na ustawi wa watu hao katika maeneo yao, na inataka kuwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Ni sheria nzuri kuisoma. Kamati ya kijiji, hata hivyo, haina fungu lake. Hukutana pale ambapo mtendaji wa kijiji amekumbuka kuiita.

Mtu anayetafuta msaada hufuata njia moja iliyozoeleka. Huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, anayeifahamu nyumba yake. Mwenyekiti humpeleka kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji huandika barua na kuigonga muhuri. Barua hupanda hadi kata, ambako kwa kawaida kuna afisa maendeleo ya jamii, na kutoka hapo hadi kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa huyo ndiye fundi wa shughuli yote: husikiliza ndugu wanaogombea nani amtunze mzee, hupeleleza hali ya kaya, huandika taarifa ya kumwezesha mgonjwa asiye na uwezo apate msamaha wa gharama hospitalini, hufuatilia kesi za ukatili. Katika sehemu nyingi za nchi maofisa hawa ni wachache sana ukilinganisha na kata wanazozihudumia, na muda wao mwingi huchukuliwa na mashauri ya watoto na ndoa. Mgonjwa wa kitandani hapigi kelele ofisini. Kwa hiyo foleni humpita.

Tatizo jingine ni kwamba mgonjwa huyu amegawanywa. Kidonda chake kiko Wizara ya Afya. Ulemavu wake uko Ofisi ya Waziri Mkuu, ambako kuna kitengo cha watu wenye ulemavu. Uzee wake na ustawi wake viko katika wizara ya maendeleo ya jamii na makundi maalum, iliyoundwa upya Januari 2022. Afisa anayemhudumia ameajiriwa na halmashauri, ambayo iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Njaa yake iko TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mama anayemuuguza hayumo popote.

TASAF ndiyo huduma inayofahamika zaidi vijijini. Mfuko huo ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa na zahanati. Mpango wa kunusuru kaya maskini, unaotoa ruzuku ya fedha, ulisambazwa kuanzia miaka ya 2010, na awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Kaya huteuliwa kwa mkutano wa hadhara wa kijiji, kisha hali zao huhakikiwa. Awamu hiyo ya pili ilitambua kaya yenye mtu mwenye ulemavu, na asiyeweza kufanya kazi hakupaswa kulazimishwa kuingia katika ajira za muda za kuchimba mitaro na kutengeneza barabara. Fedha hiyo huwa ndogo. Hata hivyo thamani yake nyumbani mwa mgonjwa hupimwa kwa namna ya pekee: humnunulia sabuni, sukari ya uji na nauli ya kufuata dawa, na humwezesha kusema kwamba naye amechangia chakula kilichopikwa. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi pale ilipoanzisha, Aprili 2016, pensheni ya kila mwezi kwa kila mzee mwenye miaka 70 na kuendelea, awe maskini au tajiri, ikianzia shilingi 20,000. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, wenye fungu la wazee na fungu la watu wenye ulemavu mkubwa. Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo kwa mkulima wa korosho aliyezeeka.

Mikopo ya halmashauri ni jambo la aina nyingine. Kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi na urejeshaji, ukarudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Masasi na Newala mapato ya ndani yanatokana kwa sehemu kubwa na ushuru wa korosho, zinazouzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi chini ya vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala. Bei ikianguka, ile asilimia mbili huanguka nayo. Msimu wa 2018/2019, wafanyabiashara walipogoma kupandisha bei, serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa miezi. Nyumba yenye mgonjwa haiwezi kusubiri miezi. Isitoshe, mkopo ni deni. Unamfaa fundi cherehani asiye na mguu mmoja, au asiyeona mwenye duka la rejareja. Aliyelala kitandani hawezi kukopa, na anayemuuguza hana saa za kufanyia biashara ya kulipia.

Kuhusu matibabu, mzee mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure katika vituo vya serikali kwa kutumia kitambulisho, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kinachobaki nje ya kadi zote hizo ni safari. Mgonjwa wa kiharusi kutoka kijiji cha Newala hufika hospitali ya wilaya akiwa kwenye bodaboda, ameshikiliwa katikati ya dereva na ndugu. Kutoka Newala kwenda Mtwara, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula na ile mpya ya kanda ya kusini pale Mitengo, barabara ya juu ya uwanda ilibaki ya vumbi na mchanga kwa miongo mingi; ujenzi wa lami wa Mnivata, Newala hadi Masasi ndio unaoibadilisha hali hiyo. Hospitali ya kanda imewaokolea watu wengi safari ya Muhimbili, Dar es Salaam. Haijamletea mtu mazoezi ya viungo kijijini kwake. Baada ya kiharusi, mazoezi ya miezi ya mwanzo ndiyo huamua kama mkono utashika kijiko tena, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko hospitali, si zahanati. Ndugu akifundishwa siku ya kuruhusiwa namna ya kunyoosha mkono, kumgeuza mgonjwa na kumkalisha, atakuwa amepewa kitu kikubwa kuliko pakiti ya vidonge. Wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wawili mara nyingi haipati nafasi ya somo hilo.

Wapo wanaofika hadi nyumbani. Wakati wa janga la UKIMWI, kabla na baada ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure mwaka 2004, wahudumu wa wagonjwa majumbani walitembea na mikoba yenye glavu, dawa za maumivu na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Walikuwa wa kujitolea, wakilipwa posho ndogo na miradi. Mradi ulipokwisha, wengi walirudi shambani. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanamume. Wanafundishwa kwa miezi sita na wanalipwa posho. Huo ndio mpango unaokaribia zaidi kukigusa kitanda cha mgonjwa. Bado kazi yake kuu ni elimu, malaria, lishe, uzazi, kifua kikuu na rufaa. Mhudumu hupita, huuliza, huandika, huelekeza. Uzuri wake ni kwamba anamwona mgonjwa ambaye ofisi haijawahi kumwona. Kwa mwenye kifafa ziara hiyo inaweza kutosha kabisa, maana vidonge vyake si ghali, na tatizo kubwa ni kuvikosa mwezi mmoja na kuanguka kwenye jiko la mafiga matatu.

Vifaa vya kujimudu navyo vina njia yake. Fimbo nyeupe, magongo, kiti mwendo na baiskeli ya magurudumu matatu hutolewa kwa kampeni, mara nyingi na mbunge, taasisi ya dini au shirika, mbele ya kamera. Kiti mwendo cha hospitali, chenye matairi membamba, hakisogei kwenye mchanga wa Newala. Baada ya wiki mbili huwa kiti cha kukalia barazani. Baiskeli ya magurudumu matatu hustahimili zaidi na fundi baiskeli wa kijijini anaweza kuitengeneza. Magongo huchongwa na seremala yeyote, na katika nchi ya Wamakonde, wachongaji hodari namna hii, ni ajabu kwamba hayaagizwi kwao.

Mafunzo ya kazi kwa watu wazima yana kituo chake hapahapa. Chuo cha Mtapika, Masasi, ni mojawapo ya vyuo vichache ambavyo serikali ilivianzisha kwa ajili ya watu wenye ulemavu, pamoja na Yombo cha Dar es Salaam, Singida, Luanzari cha Tabora, Masiwani cha Tanga na Mirongo cha Mwanza. Baadhi yake, Mtapika kikiwemo, vilifungwa kwa muda mrefu, hadi serikali ilipoanza kushughulikia ufufuaji wake katika miaka ya 2020. Kwa kipindi hicho chote kijana wa Newala aliyepoteza kuona alipaswa kuvuka nusu ya nchi kutafuta ufundi ambao ungeweza kufundishwa umbali wa safari ya asubuhi moja.

Vyama vinajaza sehemu ya pengo hilo. SHIVYAWATA ni shirikisho lililounganisha vyama vya nchi nzima: wasioona katika TLB, viziwi katika CHAVITA, wenye ulemavu wa viungo katika CHAWATA, wenye ualbino katika TAS, na vingine. Kazi yao wilayani ni ya kudai: njia ya kupandia kwenye jengo la halmashauri, mkalimani wa lugha ya alama mahakamani, mafuta ya kujikinga na jua katika bohari ya hospitali. Mara nyingi wanaojiunga ni wale wanaoweza kufika mkutanoni. Mgonjwa wa akili aliyefungiwa chumbani na bibi aliyepooza upande mmoja hawana chama.

Ukoo unaposhindwa kabisa, yanabaki makazi ya wazee na wasiojiweza yanayoendeshwa na serikali. Mengi yalianza kama kambi za ukoma. Upande wa kusini orodha ya serikali imekuwa na Mkaseka kwa mkoa wa Mtwara na Nandanga kwa mkoa wa Lindi. Anayepokewa ni mzee au mtu mwenye ulemavu asiye na mtoto, ndugu wala msaada wowote. Serikali ya kijiji huandika kwamba imeshindwa kumtunza, na afisa ustawi wa jamii hufanya uchunguzi kabla ya kuthibitisha. Sera ya Wazee ya 2003 iliyataja makazi kama hatua ya mwisho. Kwa hiyo uchunguzi wenyewe ni wa kutafuta jamaa: mpwa aliyehamia Nachingwea, binti wa dada aliyeolewa Tandahimba, mjukuu anayeendesha bajaji Dar es Salaam. Akipatikana mmoja, akakubali au akakosa namna ya kukataa, maombi hufungwa na mzee hupelekwa kwake.